Mshipa wa Nyuma ya Kongosho

Siku za kliniki, mabenchi ya nje yalijaa kabla mfagiaji hajamaliza kupiga deki. Waliokuja kumwona Daktari Thankamani walijulikana kwa mbali. Wengi walikuwa vijana, wamejikunja kwa mbele, mkono mmoja chini ya kifua kama mtu anayeficha kitu ndani ya shati. Hakuhitaji kusoma faili zao. Tangu akiwa mwanafunzi alikuwa akiwaona wa namna hiyo: wembamba, mashavu yamebonyea, kongosho limejaa mawe, sukari imepanda kabla hata ndevu hazijaota vizuri. Watu wa upande ule wa Kerala, kusini mwa India, kila mmoja alikuwa na lake la kulaumu. Wengine walilaumu muhogo. Wengine walilaumu tembo la mnazi. Thankamani akiulizwa chanzo alisema, "Mimi fundi wa kukata tu. Chanzo waulize wenye maabara," kisha akaendelea kuandika dawa.

Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka hamsini na kitu, mgongo umeanza kupinda kwa kuinamia matumbo ya watu. Hakuolewa. Zamani majirani walimuuliza sababu; siku hizi walimuuliza habari za nyongo zao. Aliishi na mama yake katika nyumba ya ghorofa karibu na hospitali. Mama huyo alikuwa amevuna mpunga kwenye mashamba ya Kuttanad mpaka magoti yakamkataa, na sasa hakumtambua tena binti yake. Alimdhania mke wa msimamizi wa shamba.

"Bibi, nimemaliza sehemu yangu," alimwambia asubuhi, Thankamani akimfuta uso. "Naomba ruhusa niende nyumbani. Nina mtoto mdogo nimemwacha peke yake."

"Nenda tu, mama. Umefanya kazi nzuri leo."

"Mungu akubariki, bibi."

Thankamani alimlisha uji wa wali, akamkabidhi kwa mtumishi, akashuka ngazi akishika ukuta. Njiani kwenda kazini hakuwa akifikiri jambo lolote. Uchovu wake haukuwa ule unaoisha ukilala. Ulikuwa umeingia kwenye mifupa na kuweka makao, na yeye alikuwa ameuzoea kama mtu anavyozoea mpangaji mkorofi asiyehama.

Omanakuttan aliletwa mwezi wa Karkidakam, wakati mvua inanyesha mfululizo na paa la wodi linadondoshea maji kwenye ndoo. Alikuwa mchunga bata. Mpunga ukishavunwa, yeye na kundi lake walihama kutoka shamba hadi shamba, bata wakiokota punje zilizobaki kwenye tope, mpaka Desemba ambapo aliwauza kwa wanaotaka nyama ya Krismasi. Alikuwa na miaka thelathini na minne, na sindano za insulini alikuwa anajidunga tangu akiwa na miaka kumi na tisa. Alipovua shati, mbavu zake zilihesabika.

"Unakula nini?" Thankamani alimuuliza.

"Hali," akajibu mkewe, Sheeja, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuitia mashua. "Anaogopa chakula, Daktari. Akila, anagaagaa sakafuni usiku kucha. Asipokula, sukari inashuka anazimia kwenye tope na bata wanampanda kichwani."

"Sheeja!"

"Nasema uongo? Si walikukuta Rajan na wachunga bata wenzake?"

"Na tembo?" Thankamani aliuliza, maana ilikuwa lazima aulize.

Omanakuttan alitazama pembeni. "Kila mtu ananiuliza hilo. Mama mkwe wangu ameshaniapia kwa miungu yote kwamba mimi mlevi. Daktari, mimi sijawahi kuonja hata povu lake. Marehemu baba alikuwa mgema, alikuwa akirudi kila siku ananuka. Nililichukia nikiwa hivi." Akaonyesha kimo cha goti.

"Nakuamini," alisema Thankamani.

Yule mwanamume alimtazama kama mtu aliyepewa kitu asichokitarajia, kisha akaanza kulia kimyakimya. Sheeja alimpa ncha ya sari yake ajifute.

Picha ya tumbo ilionyesha kichwa cha kongosho kimevimba kama ngumi, kimejaa mawe meupe. Dawa za maumivu zilikuwa zimeshamshinda. Thankamani akachukua kalamu akachora nyuma ya bahasha: tumbo, kisha utumbo wa mwanzo unaopokea chakula kikitoka tumboni, umejikunja kama mkono unaokumbatia, na ndani ya mkunjo huo kichwa cha kongosho.

"Tatizo lako liko hapa. Nataka kukitoa hiki. Lakini tazama, vimegandana. Na damu yao ni moja. Kuna mshipa unatoka juu na mwingine unatoka chini, inakutana hapa katikati, mbele na nyuma ya kongosho. Inalisha vyote viwili."

Omanakuttan aliinamia ule mchoro. Alipoongea tena sauti yake ilikuwa ya mtu aliye kwenye kazi yake. "Mfereji mmoja, mashamba mawili."

"Hivyo hivyo."

"Basi ukifukua shamba la jirani, langu linakufa kiu."

"Ndiyo sababu wengi hutoa vyote. Kongosho, utumbo huu, mrija wa nyongo, saa nyingine na kipande cha tumbo, halafu wanaunga upya. Mwenye saratani hana jinsi. Wewe huna saratani. Mimi nafukua ndani tu, naacha ganda jembamba la nyuma, kwa sababu mshipa wa nyuma unapita humo. Ukibaki mzima, utumbo wako unabaki na uhai, nawe utakula kama watu."

"Na usipobaki mzima?" Sheeja akauliza.

"Basi nitatoa vyote, na nitakuja kukwambia mwenyewe kwa mdomo wangu."

Sheeja alimkazia macho, akapima, akaridhika. "Sisi tunataka awe amepona kabla ya mavuno. Bata hawasubiri."

Thankamani hakumwahidi hilo. Katika ujana wake alikuwa ameahidi mengi. Mwalimu wake, mzee mmoja hodari wa mikono, alikuwa anatoa vyote kila mara, haraka na kwa ustadi, na wagonjwa walitoka salama, watu wakapeana mikono. Thankamani ndiye aliyebaki kliniki kuwapokea waliporudi. Walirudi wamekonda zaidi, chakula kinawapita kama maji kwenye chekeche, sukari haishikiki. Mfumaji mmoja wa nguo, kijana mpole, alimwambia, "Daktari, maumivu yameisha kweli. Lakini na mimi nimeisha." Hakuishi kuuona mwaka uliofuata. Baada ya huyo, Thankamani alikaa miaka miwili akijifunza njia ya mishipa ile kwenye maiti za chuo, peke yake, harufu ya dawa ikimganda kwenye nywele. Na tangu hapo akawa anafanya kazi ndefu badala ya kazi fupi. Hakuna aliyempigia makofi kwa hilo. Kazi ndefu huchosha kila mtu chumbani.

Siku ya upasuaji mvua ilipumzika. Daktari wa usingizi alikuwa Haridas, mtu mnene, mcheshi, waliyesoma naye darasa moja, na ambaye peke yake hospitali nzima alimwita Thankam.

"Thankam, leo utatutoa saa ngapi? Mke wangu amepika."

"Mwambie afunike."

"Amefunika tangu tuoane."

Msaidizi wake alikuwa Daktari Nizar, mtu wa miaka arobaini, mwenye mikono mizuri na haraka kidogo. Walifungua tumbo, wakaweka vyuma vya kulitanua, wakaanza kutafuta njia. Kila kitu kilikuwa kimeshikana. Ugonjwa wa miaka kumi na tano ulikuwa umeligeuza kongosho kuwa gumu kama kifuu, na hapakuwa na mpaka unaoonekana kati ya nyama na mshipa. Walienda unyuzi kwa unyuzi. Mshipa mkubwa wa juu ulikuwa umezama ndani ya ule ugumu, na Thankamani alipojaribu kuuachanisha, ulichanika. Damu ikaruka. Ilibidi aufunge.

"Wa juu umekwenda," akasema.

Wote walijua maana yake. Sasa utumbo ule ungeishi kwa damu itokayo chini peke yake, kwa kupitia kile kimshipa cha nyuma.

Akaanza kufukua. Mawe yalitoka moja moja, makubwa kama punje za mahindi, Sista Philomina, nesi wa chumba cha upasuaji, akiyapokea kwenye bakuli, yakigonga. Kazi ilikwenda vizuri kwa muda mrefu. Kisha, walipokaribia mrija wa nyongo, chini kabisa ya shimo, damu ikachipuka kutoka nyuma, nyeusi kidogo, ya kujaa taratibu.

Nizar tayari alikuwa amenyoosha mkono kwa Sista. "Uzi. Nipige mshono mmoja wa kina, Madam, nitaikamata."

"Usishone."

"Madam, inajaa."

"Naiona. Ukipiga mshono wa kina hapo, utaukamata na mshipa wenyewe. Nipe shashi."

Akaweka shashi, akabonyeza kwa kidole, akasimama hivyo. Mgongo ulianza kumuuma, kwanza kiunoni, halafu kama chuma cha moto hadi kwenye bega. Alitamani kubadilisha mguu, akaogopa kidole kisiteleze. Jasho lilimtoka, Sista akamfuta paji la uso bila kuombwa. Nizar naye alisimama na mpira wa kufyonza mkononi, na usoni mwake ungeona jinsi ilivyo kazi kubwa kwa mtu kama yeye kutofanya lolote.

Alipoinua kidole, damu ilikuwa imekoma. Akavuta pumzi. Ndipo Nizar akasema kwa sauti ya chini, "Madam. Utumbo."

Sehemu ya katikati ya ule utumbo, urefu wa kiganja hivi, ilikuwa imebadilika rangi. Ilikuwa imepauka, kisha mbele ya macho yao ikaelekea zambarau ya zabibu iliyoiva kupita kiasi.

"Shinikizo la damu vipi, Hari?"

"Limelala kidogo. Amepoteza damu nyingi."

"Lipandishe. Muongezee damu. Sista, vitambaa vya maji ya moto, vya moto kweli." Kisha akakumbuka kitu, akatazama vile vyuma vilivyotanua tumbo, jinsi ncha ya kimoja ilivyokandamiza mzizi wa matumbo, kulekule damu ya chini inakopandia. "Legeza hivi vyuma. Vyote. Toa hiki kabisa."

"Hatutaona kitu, Madam."

"Hakuna cha kuona kwa sasa."

Wakalegeza. Wakafunika utumbo kwa vitambaa vya moto. Thankamani akaomba kiti, jambo ambalo hawakuwahi kumwona akilifanya, akaketi na mikono yake yenye glovu ameipakata kifuani kama mtu aliyebeba ndege.

Nizar akamgeukia. "Naomba niseme. Mgonjwa amelala muda mrefu. Tukiamua sasa kutoa vyote, bado ana nguvu. Tukingoja halafu utumbo ukafa, tutarudi humu baada ya siku mbili na mtu mwenye usaha tumboni. Huyo hatapona."

"Ni kweli," akasema Thankamani.

"Basi?"

"Basi tungoje kidogo."

Haikuwa ushujaa. Angekuwa mkweli mbele yao, angesema kwamba hakuwa na uhakika wowote, kwamba Nizar huenda alikuwa anasema jambo sahihi, na kwamba sehemu ya kungoja kwake ilitokana tu na miguu iliyokataa kunyanyuka. Alifikiri juu ya Sheeja aliyekuwa nje kwenye ngazi. Alifikiri namna atakavyomwambia. Haridas aliacha mzaha wake, akawa anasoma namba kwa sauti ya upole, shinikizo linapanda, linapanda, limekaa.

Walipofunua vitambaa, rangi ilikuwa imeanza kurudi kutoka chini. Ilipanda polepole, waridi hafifu ikiisukuma zambarau mbele yake. Sista Philomina alijifanyia alama ya msalaba kwa kiwiko ili asiguse kitu. Wakangoja tena. Mwishoni kilibaki kidoa kimoja ubavuni, ukubwa wa ukucha wa dole gumba, kijivu, ambacho hakikuwa kizima na hakikuwa kimekufa.

Thankamani alikitazama kwa muda. "Tutakishonea juu, tuweke mpira wa kutoa maji pembeni yake. Kama kitavuja, kivujie nje."

"Na kama kitaoza chote?"

"Utasema ulinionya. Na mimi nitasema ndiyo."

Walipotoka, mchana ulikuwa umekwisha kabisa. Sheeja aliinuka kwenye ngazi kabla hawajamwita.

"Nimeuacha utumbo," Thankamani akamwambia. "Lakini kuna sehemu ndogo siiamini. Siku hizi chache zijazo ndizo zitakazotuambia."

"Wewe umekula?" Sheeja akauliza.

"Nani, mimi?"

"Una rangi mbaya kuliko yeye."

Siku chache baadaye ilivuja. Thankamani alijua tangu mlangoni, kabla hajaona chupa iliyokinga maji ya ule mpira, kwa namna manesi walivyonyamaza. Maji yaliyotoka kwenye mpira yalikuwa ya kijani cha nyongo. Omanakuttan alikuwa na homa, midomo imekauka. Alimgusa tumbo: laini. Hilo lilikuwa jema. Uvujaji ulikuwa unatoka nje kwa njia ya mpira, haukuwa umesambaa ndani.

"Hutakula kwa mdomo mpaka nikwambie," alimwambia. "Tutakulisha kwa mrija wa puani unaofika chini zaidi ya hapo."

"Ulisema nitakula."

"Nilisema."

"Ulisema ukiuacha huo mshipa nitakula kama watu."

"Utakula. Si sasa."

Omanakuttan aligeuza uso ukutani, na kwa siku kadhaa hakumjibu salamu yake.

Kwenye mkutano wa Jumamosi, ambapo madaktari wa upasuaji huzungumzia yaliyoharibika, Profesa Varkey, mkuu wa idara, aliweka picha ya tumbo la Omanakuttan ukutani. Alikuwa mtu mwenye adabu, na adabu yake ndiyo iliyokuwa nzito.

"Daktari Thankamani, mshipa wa juu ulishafungwa. Utumbo ulibadilika rangi. Kwa nini hukutoa vyote?"

"Kwa sababu rangi ilirudi."

"Si yote."

"Si yote, Profesa."

"Na sasa amevuja."

"Amevuja."

Walingoja ajitetee. Alikuwa na maneno ya kutosha. Angeweza kuwasimulia habari za yule mfumaji na wengine kumi. Lakini alisikia jinsi maneno hayo yangetoka, yakiwa yamechakaa, na hakuwa na nguvu ya kuyabeba. Akaketi. Ndipo Nizar akasimama nyuma.

"Mimi nilishauri tutoe," akasema. "Bado nadhani halikuwa shauri baya. Lakini tungetoa, leo tungekuwa tunampongeza Madam, na miaka miwili ijayo hakuna ambaye angeuliza mchunga bata huyu yuko wapi."

Profesa alivua miwani, akaifuta. "Tuendelee na mgonjwa anayefuata," akasema.

Wiki zikafuatana. Kila asubuhi kabla ya kazi nyingine Thankamani aliinama kuangalia ile chupa. Siku nyingine maji yalipungua, akapanda ngazi kwa wepesi kidogo. Siku nyingine yaliongezeka. Alianza kuiota. Nyumbani mama yake alianza kukataa kula, akisema hawezi kula mbele ya mke wa msimamizi, ikabidi Thankamani akae nyuma ya pazia mpaka amalize. Mara moja alisinzia hapohapo nyuma ya pazia, amesimama, kichwa kwenye ukuta.

Halafu siku moja mchana aliingia wodini bila kutarajiwa akakuta harufu ya mchuzi wa samaki. Mama mkwe wa Omanakuttan, bibi mdogo mkali, alikuwa kitandani na kibakuli, na mkwewe anatafuna, mdomo umejaa.

"Tema!"

Omanakuttan alitema kwenye kiganja. Bibi akasimama kati yao.

"Mnamuua kwa njaa! Mwanamume hawezi kuishi kwa maziwa ya puani!"

"Mama, tumbo lake lina tundu. Ukimwekea mchuzi huo, unamwekea moto."

"Si kwa ajili ya ulevi wake?"

"Mama!" Sheeja alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya maji.

"Hajawahi kunywa," Thankamani alisema. Alikuwa amechoka hata sauti ilimkwama. "Hata tone. Nimemfungua, nimemwona ndani. Ugonjwa wake haukutoka kwenye tembo. Ondoa neno hilo mdomoni mwako, tafadhali, nina mengi ya kubeba."

Ndani yake hakukuwa na kitu cha kuonyesha alichokunywa au asichokunywa, na Thankamani alilijua hilo. Lakini bibi hakulijua. Alimtazama daktari, akamtazama mkwewe aliyeshika samaki aliyetafunwa kiganjani kama mtoto, akakaa chini polepole. "Sasa mbona hakuniambia?" akasema.

"Nimekwambia miaka tisa!" Omanakuttan akapaza sauti, kisha akashika mshono wake kwa maumivu, kisha, kwa mara ya kwanza tangu alazwe, akacheka. Alicheka akilia kwa uchungu wa tumbo, Sheeja naye akacheka, na bibi akafunika bakuli lake kwa hasira.

Maji yalikauka yenyewe. Hapakuwa na siku ambayo mtu angesema ndiyo hiyo. Chupa ilikuwa na kidogo, halafu kidogo zaidi, halafu unyevu tu. Walimpa maji ya kunywa, kisha uji, kisha wali laini na mtindi. Aliporuhusiwa kurudi nyumbani mavuno ya kwanza yalikuwa yameshapita. Sheeja na kaka yake ndio waliowapeleka bata mashambani, Sheeja akiwa mbele na fimbo ndefu yenye kitambaa, na bata wapatao mia walipotea au waliibiwa kwa kuwa hakuwajua tabia.

Omanakuttan alirudi kliniki mwezi wa Januari. Thankamani hakumtambua mara moja. Mashavu yalikuwa yamejaa na alikuwa ameketi wima kwenye benchi kama watu wengine.

"Maumivu?"

"Yalikuja mara mbili. Madogo. Nikalala yakaondoka."

"Unakula?"

"Muulize anavyokula!" Sheeja akasema. "Kutwa ananichungulia sufuria."

"Lakini sindano zimeongezeka," Omanakuttan akalalamika. "Zamani nilijidunga kidogo, sasa nyingi. Upasuaji wako umenitia sukari zaidi, Daktari."

"Sukari ilikuwa inakuja, nikate nisikate. Zamani hukuwa unakula, ndiyo maana sindano zilikuwa chache."

"Basi mimi nilidhani ukishapasua yote yanaisha."

"Hayaishi yote."

Alionekana kutoridhika, na alikuwa na haki. Thankamani akamwandikia dawa za kusaidia kusaga chakula, akamwonyesha namna ya kuzinywa katikati ya mlo, akamwambia arudi baada ya miezi mitatu. Wakaaga. Mlangoni Omanakuttan aligeuka kana kwamba ana neno zito, akasema, "Huyu bata dume wangu mmoja amevimba mguu. Hujui dawa?"

"Sijui, ndugu yangu."

"Haya."

Foleni ilikuwa bado ndefu. Karibu na adhuhuri Nizar alileta picha mpya: msichana wa shule wa miaka kumi na minne kutoka upande wa milimani, kongosho limejaa mawe hadi mkiani. Waliitazama pamoja dirishani, kwenye mwanga.

"Tumngoje akue?" Nizar akauliza.

"Anakula?"

"Amepungua kilo sita."

Thankamani alirudisha picha kwenye bahasha. "Mwite na wazazi wake. Safari hii utakata wewe, mimi nitasaidia."

Nizar akaitikia kwa kichwa.

Mgonjwa wa mwisho alipoondoka, hakwenda kula. Aliingia chumba cha kupumzikia cha madaktari wa usingizi, ambamo Haridas alikuwa anamenya ndizi, akaketi kwenye kiti kirefu kilichochanika ngozi na kuvua viatu.

"Nusu saa tu, Hari."

"Lala. Wakikutafuta?"

Tayari alikuwa amelala, mdomo wazi kidogo. Haridas aliinuka, akapunguza kasi ya panka isimpige usoni, akatoka na ndizi yake akasimama nje ya mlango. Alipita nesi kumuulizia Daktari Thankamani. Haridas alimwambia hajamwona tangu asubuhi.